Samaki wa Dukani na Samaki wa Mtandaoni: Hasara Ni ya Nani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika shughuli hii, ndugu zangu mliofika kutoka Kigamboni, Tegeta na Mbagala, nanyi vijana mliokuja leo kwa mara ya kwanza, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huzua ubishi karibu kila tunapokutana, nalo ni hili: tununue wapi? Wapo kati yetu wanaoshikilia kwamba samaki hununuliwa dukani, kwa mtu unayemfahamu na ambaye ukirudi kesho utamkuta, na wapo wanaosema kwamba maduka yetu ni ghali, yana samaki wale wale miaka nenda miaka rudi, na kwamba simu ya mkononi sasa inakuletea hadi mlangoni samaki ambaye zamani ungeishia kumwona pichani. Mimi si mfanyabiashara. Sina duka, wala siuzi kitu mtandaoni. Nimefuga samaki kwa miaka 19, nimenunua huku na huku, na samaki wa huku na wa huku nimewahi kuwazika chini ya mpapai nyumbani kwangu.

Nitakalolisema ni moja. Tunapolinganisha duka na mtandao huwa tunalinganisha bei, ilhali tofauti kubwa haimo kwenye bei, bali imo katika kujua ni nani anayebeba hasara samaki akifa. Samaki wa mapambo yumo hatarini zaidi katika siku zile chache zinazofuata safari: ametolewa alikozoea, amefungwa mfukoni, ametikiswa njia nzima, kisha amemwagwa katika maji asiyoyajua pamoja na samaki wasiomjua. Mwenye duka anapopokea mzigo na kukaa nao, siku hizo zinapita mikononi mwake. Wa kufa wanafia kwake, nawe unakuja kuchagua kati ya waliosalimika. Kwa hiyo, bei iliyobandikwa kwenye kioo imebeba ndani yake bei ya wale ambao hukuwaona. Muuzaji wa mtandaoni anapokutumia samaki, siku hizo hizo zinahamia nyumbani kwako, na ule unafuu unaoufurahia ni malipo yako ya kuzibeba.

Sisemi kwamba ni vibaya kuzibeba. Nasema ujue kwamba umezibeba, na ujue namna ya kuzibeba, jambo ambalo mimi sikulijua mwaka niliponunua Tropheus wangu wa kwanza.

Wengi wenu mnamfahamu Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika, ambaye akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, na akikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa na rangi ya samawati na kiunoni anajifunga mkanda. Samaki hawa na ndugu zao wanafugwa Ujerumani na Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha nje kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na wako wazungu wanaoweza kukutajia majina ya vijiji vya mwambao wa Kigoma kwa kuwa tu samaki wao wanaitwa kwa majina ya vijiji hivyo. Mimi Mtanzania, mwenye ziwa, sikuwa nimewahi kumwona samaki huyu dukani hapa Dar es Salaam. Nilipomkuta kijana anawatangaza mtandaoni, sikuuliza sana. Nililipa kwa simu, akanipakilia wanane kwenye basi kutoka Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, nami nikaenda kuwapokea stendi usiku wa siku ya pili.

Sita walikuwa hai. Nikafanya nilivyosikia watu wakifanya: nikaufungua mfuko, nikauelekeza mdomo juu na kuuegesha ndani ya tangi, nikawa naongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima ili wazoee taratibu. Kulipokucha walikuwa wamebaki wawili. Nilimpigia yule kijana kwa hasira, naye akanijibu kwa upole kwamba kwake walitoka wazima. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba alikuwa akisema kweli.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu limewaua samaki wengi wa Dar es Salaam kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Samaki aliyefungwa mfukoni hupumua na kutoa hewa ukaa, na pia hutoa amonia. Hewa ukaa ikijikusanya kwenye maji yale machache, pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri maji yanavyokuwa na asidi zaidi, inashuka, na pH ikishuka sehemu kubwa ya amonia inageuka kuwa katika hali isiyo na sumu kali. Hivyo mfuko uliofungwa, pamoja na uchafu wake wote, una namna yake ya kumlinda samaki. Ukiufungua tu, hewa ukaa inatoroka, pH inapanda, na amonia ile ile iliyokuwa imetulia inarudia ukali wake. Kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, sehemu iliyo sumu huongezeka kwa takriban mara 10. Mimi nilikuwa nawaongezea maji ya kufugia samaki wa Tanganyika, yenye pH inayokaribia 9, huku nikiwaacha humo humo kwenye uchafu wao kwa saa nzima. Kwa maneno mengine, safari ya Kigoma hadi Dar es Salaam haikuwaua wale wanne. Niliwaua mimi, sebuleni kwangu, kwa uangalifu mkubwa.

Samaki aliyesafiri muda mrefu, mfuko wake uachwe umefungwa ukielea kwenye tangi kwa muda wa robo saa au nusu saa ili joto lilingane, kisha ufunguliwe na samaki wahamishwe bila kuchelewa kwa wavu mlaini, na maji ya mfukoni yamwagwe nje, yasiingie tangini hata tone. Maji yatakayowapokea yawe yameandaliwa kabla, yakikaribia maji waliyotoka. Hilo ni la kumwuliza muuzaji pH ya maji yake kabla ya kulipa, si baada ya kupokea mzigo. Na muuzaji anayeijua kazi yake atakuwa amewaacha bila chakula kwa siku moja au mbili kabla ya kuwafunga, ili wasiuchafue mfuko, na atakuwa amejaza thuluthi moja ya maji na thuluthi mbili za oksijeni ya mtungi, si pumzi ya mdomo wake. Mwulize. Akikushangaa, umeshapata jibu.

Wale wawili waliobaki nao hawakudumu. Tropheus ana utumbo mrefu, wa mlaji wa mwani anayeshinda akikwangua mawe, nami nilikuwa nikiwapa unga wa dagaa kwa wingi nikidhani nawatendea wema. Walivimba matumbo, wakaacha kula, wakafa. Muuzaji hakuniuliza nitawalisha nini, nami sikumwuliza yeye alikuwa akiwalisha nini. Katika mazungumzo yetu yote ya simu, ambayo bado ninayo, tulizungumza kuhusu bei, namba ya kutumia pesa, na jina la basi.

Hapo ndipo mtetezi wa duka atasimama na kusema, mnaona? Naomba akae kwanza, maana habari ya duka nayo ninayo, na ni ya zamani zaidi. Tangi langu la kwanza nililinunua dukani, na saa hiyo hiyo nikauziwa mawe ya rangi, pampu, na samaki dhahabu watano, vyote vikapakiwa kwenye bajaji moja. Yule bwana alijua fika kwamba tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na kwamba bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga vya kutosha. Alijua pia kwamba maji yangu ya bomba yana klorini, na kwamba samaki dhahabu akitunzwa vyema anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 na kukua kupita urefu wa kiganja, kwa hiyo watano hawawezi kuenea kwenye kile kisanduku alichoniuzia. Alijua, akanyamaza, na baada ya wiki tatu nikarudi kununua wengine watano. Alinipokea kwa bashasha.

Kwa hiyo duka halibebi hasara kwa sababu tu lina mlango na kibao. Linaibeba pale linapokaa na samaki na linapokubali kumkatalia mteja. Yapo maduka ambayo mzigo unashuka asubuhi na kufikia alasiri umeshauzwa nusu. Samaki wa duka la namna hiyo hana tofauti na wa mtandaoni, isipokuwa umemlipia kodi ya fremu juu yake. Sote tunajua maana ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna watu wanauziwa samaki kwenye gunia huku wakimtazama kwa macho yao wenyewe kupitia kioo.

Ukiingia dukani, basi, usianze na samaki unayemtaka. Simama dakika 10 utazame matangi yote. Samaki mmoja aliyekufa si ajabu katika duka lolote, lakini aliyekufa na kuanza kuliwa na wenzake anakuambia kwamba hakuna aliyetazama tangi hilo tangu jana. Angalia kama wavu mmoja unazunguka tangi hadi tangi bila kusuuzwa kwenye dawa, na uulize kama matangi yote yanatumia chujio moja, kwa sababu kama ni hivyo, ugonjwa wa madoa meupe wa tangi la kona umeshafika kwa samaki wako hata kama madoa bado hayajaonekana mwilini mwake. Uliza wamefika siku gani. Omba walishwe mbele yako. Mwenye duka mwema hakasiriki kwa ombi hilo, na mara nyingi atafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, kwa maana wateja wake wengi huja kutafuta samaki wa rangi ya kulandana na mapazia.

(Nawaona mnacheka. Sikumtaja mtu.)

Kuna elimu nyingine ya duka ambayo huwa hatuihesabu, nayo ni elimu ya mahali. Orodha za vifaa tunazozisoma kwenye simu zimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu kila moja inakuambia ununue hita. Rafiki yangu mmoja alimwagiza shemeji yake aliyeko Marekani, akaletewa hita nzuri kabisa, ya volti 110. Kifaa cha volti 110 kikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta nguvu zaidi ya mara nne ya kilichokusudiwa, nanyi mnaweza kukisia kilichotokea kabla hakijaungua. Lakini hata ingekuwa ya volti sahihi, mkazi wa Dar es Salaam hita ni ya nini? Anayeishi Njombe au Mbeya, mwezi Juni, ana haki ya kuitafuta. Sisi tatizo letu ni joto: maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya nyuzi 20, takriban miligramu 7.5 kwa lita dhidi ya 9, na umeme ukikatika usiku wa Februari tangi lililojaa samaki halina muda mrefu. Fundi wa mtaani aliyeunganisha vioo vyangu kwa silikoni, na ambaye pembeni huuza samaki wadogo aina ya gapi na moli, ndiye aliyeniambia niachane na hita nitafute pampu ya hewa ya kuchaji. Ushauri ule ulikuwa wa bure, na ni yeye pia aliyenieleza kwamba maji ya kisima ya mtaani kwetu, yenye chumvi mdomoni, si sawa na maji magumu ya Tanganyika, kwa sababu chumvi ile ni ile ya kupikia na si madini ya chokaa na magadi ambayo samaki wale wameyazoea. Hakuna muuzaji wa mbali ambaye angeujua mtaa wangu kiasi hicho.

Sasa niutendee haki mtandao. Ndugu yetu anayefuga Songea au Sumbawanga hana ubishi huu, kwa sababu huenda hana duka la kuliacha. Na hata hapa jijini, mtu anayetaka samaki wa asili ya mahali fulani, tuseme duboisi wa Maswa mwenye mkanda mpana wa manjano, au gapi wa mbegu moja iliyotunzwa bila kuchanganywa, hatampata kwenye duka la kawaida, na si haki kumlaumu mwenye duka. Samaki anayeulizwa na mteja mmoja kwa mwaka hawezi kukaa kwenye tangi la biashara. Maduka hununua kwa wingi kile kinachotoka, na ndiyo maana samaki wa Ziwa Nyasa wanauzwa kama mchanganyiko wa rangi, wengi wao wakiwa chotara ambao hata aliyewazalisha hawezi kukutajia wazazi wao. Mfugaji aliyewazalisha mwenyewe chumbani kwake, anayeijua siku waliyotagwa, ni muuzaji bora kuliko duka lolote, na mtu huyo siku hizi utampata kwenye simu. Mwombe video ya leo, siyo picha. Samaki wale wale unaotaka kununua, wakila. Mwulize kama wamezaliwa kwenye tangi au wamevuliwa ziwani, maana wa ziwani hawajawahi kuona chakula cha kopo wala ukuta wa kioo. Kisha uwe na tangi la pembeni, hata beseni kubwa lenye chujio la sponji, wakae humo wiki tatu kabla ya kukutana na wengine. Hizo ndizo siku nilizozisema mwanzoni. Bei nafuu umeipata, basi na kazi ya duka uifanye wewe.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kifaa hakifi njiani. Vipimo vya maji, taa, sehemu za akiba za chujio la aina isiyopatikana nchini, mimi naagiza, nikihakikisha volti, na sioni aibu.

Ila kuna hesabu moja ambayo wenye maduka wawili watatu wamenifungulia, nami nadhani tunapaswa kuisikia. Samaki pekee hawalipi kodi ya fremu. Matangi yanakula umeme mchana na usiku, samaki wanakula hata siku ambayo hakuna mteja, na waliokufa hawarudishwi kwa aliyewaleta. Kinachomweka mwenye duka pale ni chakula cha kopo, pampu, mawe, dawa na machujio. Sisi, kwa upande wetu, tumekuwa na tabia ya kwenda dukani kushika pampu, kuuliza inasukuma lita ngapi, kumweka mtu nusu saa akitueleza, kisha kutoka nje na kuiagiza kwenye simu kabla hatujavuka barabara. Nimeifanya tabia hiyo na mimi. Tukinunua vyote vikavu mtandaoni na kumwachia mwenye duka samaki peke yao, hatatupunguzia bei ya samaki; ataacha kuwaweka wiki mbili, atawauza siku ile ile waliposhuka, kwa kuwa hana tena cha kulipia zile siku za kungoja. Ndiyo maana chakula na pampu nanunua kwake hata anapozidisha shilingi elfu kadhaa. Naiona kama nauli ya samaki wangu kukaa kwake.

Jambo la mwisho ni mimea, na hapa hasara inaweza isimwangukie muuzaji wala mnunuzi. Gugu maji lililojaza ghuba za Ziwa Victoria lilitoka Amerika ya Kusini, likasambaa duniani kwa sababu watu walilipenda ua lake la zambarau na kulipanda kwenye mabwawa ya bustani. Lilianza kuonekana ziwani miaka ya mwisho ya 1980, na ndani ya muda mfupi wavuvi wa Mwanza na Kisumu walikuwa wanashindwa kutoa mitumbwi. Ninaona mtandaoni mimea ya kuelea inauzwa kwa bei ya maandazi, bila jina, inatumwa mkoa wowote kwa basi. Duka nalo huuza, ila duka unaweza kumwendea mwenyewe ukamkanya. Mmea usiojua jina lake usiununue, na ulio nao ukizidi usiutupe mtaroni. Uanike juani hadi ukauke kabisa.

Niwaeleze nilipofikia sasa, kisha niwaachie nafasi ya maswali. Wiki iliyopita niliona dukani Julidochromis sita, samaki wengine wa Ziwa Tanganyika, wadogo, wamefika siku hiyo hiyo. Nililipa nusu ya bei, mwenye duka akabandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye kioo akaandika jina langu, tukakubaliana wakae kwake siku 14. Leo ni siku ya tisa. Jana jioni nilipita na sanduku langu la kubebea, nikijifanya nina haraka, nikamwomba anipe mapema. Akanionyesha mmoja aliyejibanza nyuma ya jiwe, ambaye hajala tangu Jumanne, akanirudishia sanduku langu.